Kabla ya kukopa pesa za maiki: jibu kwa mwenye podikasti wa Lamu

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwongoza watalii hapa Lamu, nakaa Langoni. Tangu mwaka jana natengeneza podikasti kuhusu mafundi wa huku kwetu: waunda majahazi, wachonga milango, washona kofia. Mdogo wangu wa kike ndiye anayehariri kwenye kompyuta. Mahojiano watu wanayasifu, lakini kila ninayemuuliza ananiambia mwanzo huwa anauruka. Rafiki yangu mmoja amesema sauti yangu iko mbali. Utangulizi una dakika 1 na sekunde 40. Narekodia nyumba ya marehemu babu, ya mawe, kimya kabisa, maiki ya USB nimeiweka katikati ya meza. Nikimaliza, koo huniwasha na sauti hukauka. Nimepata mtu wa kunikopesha shilingi 30,000 ninunue maiki kubwa ya studio. Mwingine ameniambia nibandike trei za mayai ukutani. Pia natamani kuanza na kipande cha taarabu ya zamani, na nimeambiwa chini ya sekunde 30 hakuna shida. Je, ninunue hiyo maiki? Na kuna wanaosema mdogo wangu ndiye asome utangulizi, eti sauti ya mwanamke huvutia zaidi. Nimekuwekea rekodi, maandishi na picha ya chumba."

Marahaba mwanangu. Nimeisikiliza rekodi yako kwa spika ya simu, kisha kwa hedifoni nikiwa na kalamu mkononi. Usikope. Ningeweza kuishia hapo, lakini ukibaki na maiki uliyonayo bila kubadilisha kitu kingine watu wataendelea kuruka mwanzo, kwa hiyo tukae tuzungumze.

Rafiki yako amekusaidia kuliko anavyojua. Alisema uko mbali. Wewe ukadhani anasema habari ya maiki, na ni kweli kwa nusu. Nusu ya pili iko kwenye karatasi. Maneno yako yako mbali na anayesikiliza, na mdomo wako uko mbali na kifaa. Tuanze na karatasi, maana ukirekodi vizuri maneno yasiyofaa utakuwa umewapa watu kitu safi cha kuruka.

Umeandika hivi: "Hamjambo na karibuni sana wasikilizaji wetu wapenzi popote pale mlipo, ndani na nje ya nchi, katika podikasti yenu muipendayo, podikasti ya kwanza ya Kiswahili kutoka kisiwa cha Lamu, mji wa kale uliotambuliwa na UNESCO mwaka 2003, podikasti inayowaletea mila, desturi, historia na utamaduni wa mwambao." Baada ya hapo linakuja jina lako, jina la mdogo wako, ombi la watu wajiunge na wasambaze, samahani kwa kelele za mtaani, na shukrani kwa waliokusaidia. Maneno "bila kupoteza wakati" yanafika sekunde ya 71. Fundi mwenyewe anaanza kusikika baada ya dakika moja na nusu.

Najua ulikoyatoa haya, kwa sababu sote tumelelewa na redio. Redioni yana kazi yake. Mtu anaweza kuwasha redio wakati wowote, kipindi kikiwa katikati, hajui yuko stesheni gani wala nani anazungumza, kwa hiyo mtangazaji hana budi kurudia jina la stesheni, la kipindi na la kwake. Tena anazungumza na umati: duka zima, daladala nzima, familia imekaa sebuleni. Podikasti haifikiwi kwa njia hiyo. Mtu ameiona kwenye simu, amesoma jina, ameona picha na maelezo, kisha akabonyeza. Unapomwambia jina la podikasti na inahusu nini, unamsomea kitu kilicho mbele ya macho yake. Na mara nyingi yuko peke yake, na hedifoni masikioni, anapika au yuko kwenye basi la Mombasa. Utangulizi ufanye kile ambacho kioo cha simu hakiwezi: umsikilizishe mtu halisi, na umwachie swali atakalotaka kulijua mwisho wake.

Mambo mawili ya kusahihisha papo hapo. Mji Mkongwe wa Lamu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001. Mwamu akikusikia umekosea tarehe ya mji wako mwenyewe katika sekunde ya 20, mengine yote atayapokea kwa shaka. Na hilo la kuwa "ya kwanza ya Kiswahili kutoka Lamu", una uhakika? Hata ukiwa nao, litoe. Anayesikiliza hapati chochote kwa wewe kuwa wa kwanza.

Sasa salamu. Utakutana na washauri, hasa wanaofuata podikasti za Marekani, watakaokuambia uzifute kabisa uingie moja kwa moja kwenye jambo. Mimi sikubaliani nao. Pwani huingii kwa mtu bila hodi, na mzee wa Mkomani akisikia kijana anaanza kuzungumza bila salamu atakuona huna adabu, hata kama una jambo zuri. Salamu ibaki. Ila hodi ni neno moja, na ukishakaribishwa husimami mlangoni ukaeleza ukoo wako. "Assalaam alaikum" inatosha. Na si lazima iwe neno la kwanza kabisa kusikika. Nitakuonyesha inapokaa vizuri.

Kuna jambo linalokwenda pamoja na hilo. Nimekuambia msikilizaji ni mmoja, basi "wasikilizaji wetu wapenzi popote mlipo" iondoke. Lakini naelewa kwa nini ulikimbilia wingi: kumwambia mtu usiyemjua "wewe", pengine ana umri wa baba yako, ni vigumu. Huhitaji kumwita chochote. Andika sentensi zisizomgusa kwa jina wala kwa kiwakilishi: "huyo ni fundi wa Matondoni", "leo atatueleza". Hiyo "-tu-" iliyo ndani ya "atatueleza" inakuweka wewe na yeye upande mmoja, mnamsikiliza fundi pamoja. Adabu imebaki, na umati umeondoka chumbani.

Wengi wakiambiwa wafupishe huandika: "Assalaam alaikum. Leo tutazungumza na fundi wa majahazi kuhusu kazi yake na changamoto anazokutana nazo." Ni fupi, na haina kitu. Sentensi hiyo ingefaa kwa fundi yeyote wa kazi yoyote, badala ya "majahazi" ukaweka "viatu" ikabaki sahihi. Ufupi peke yake haukusaidii. Unachotafuta ni sentensi ambayo ingefaa kipindi hiki tu.

Na unayo. Iko dakika ya 11 ya rekodi yako. Fundi anacheka, anasema: "Siku ya kwanza nilipopiga msumari, baba alinifukuza kazini." Nilisimamisha rekodi nikairudisha. Kwa nini afukuzwe? Si ndiyo kazi yenyewe? Wewe mwenyewe ulimuuliza swali hilo hilo, kwa sauti iliyojaa mshangao, tofauti kabisa na ile ya utangulizi. Basi jaribu hivi:

(Tezo, kile kishoka cha fundi, inachonga ubao, sekunde 3.)
Fundi: "Siku ya kwanza nilipopiga msumari, baba alinifukuza kazini."
Wewe: "Assalaam alaikum. Huyo ni fundi wa Matondoni, majahazi anaunda tangu utotoni. Msumari aliupiga pale pale alipoambiwa. Kosa lake lilikuwa jingine, na leo atatueleza. Hii ni (jina la podikasti), nami ni (jina lako)."

Haifiki sekunde 25. Mahali pamo, mtu yumo, swali limo, salamu imo, majina yamo. Mkuku (uti wa chini wa chombo), mataruma (mbavu zake), kalafati (kuziba nyufa za mbao) na mengine yote yatakuja yenyewe ndani ya mahojiano, fundi anayaeleza vizuri. UNESCO isubiri siku utakapozungumza na mtu anayekarabati nyumba ya kale, hapo itakuwa na kazi. Ombi la kujiunga lipeleke mwisho wa kipindi, umwombe aliyesikiliza hadi mwisho, kwa kuwa huyo ndiye mwenye sababu ya kukubali. Na samahani ya kelele ifute. Sikuzisikia hizo kelele mpaka uliponiambia nizisamehe.

Jambo moja kabla hujaitumia sentensi ile ya fundi: mpigie simu umsomee utangulizi. Ndani ya mazungumzo anaisema kwa mapenzi, baada ya kumsifu baba yake kwa muda mrefu. Ikikatwa na kuwekwa peke yake mbele, wajukuu zake wanaweza kuisikia vingine. Akikataa, tafuta nyingine; mazungumzo ya nusu saa na mtu kama huyu hayana sentensi moja tu.

Unaweza kuniuliza, nitaipataje sauti hii kila kipindi? Usianze na kalamu. Andika utangulizi mwisho, mahojiano yakiwa yamekwisha kuhaririwa, maana kabla ya hapo hujui kipindi kina nini, na mtu asiyejua ana nini hukimbilia "mila, desturi, historia na utamaduni". Jioni kaa barazani na mtu ambaye hajasikia mahojiano, umsimulie bila karatasi, simu ikirekodi pembeni. Sikiliza ulianza na nini. Karibu kila mara mtu huanza na jambo lenyewe: "Unajua yule mzee baba yake alimfukuza?" Hayo ndiyo maneno yako, yaandike kama yalivyotoka. Kisha yasome kwa sauti, na popote ulimi unapojikwaa piga mstari. Katika maandishi yako ulijikwaa kwenye "uliotambuliwa" na "inayowaletea". Kwenye karatasi sentensi yenye virejeshi vitatu husomeka, jicho linaweza kurudi nyuma. Sikio halirudi. Kila penye "ambayo" au "-o-" ya namna hiyo, jaribu kuweka nukta uanze sentensi mpya.

Sasa twende nyumbani kwa babu.

Unasema chumba ni kimya kabisa, na ni kweli: kuta nene za mawe ya matumbawe zinazuia kelele za nje vizuri sana. Lakini kuzuia kelele isiingie ni kazi moja, na kuzuia sauti yako isirudi ni kazi nyingine. Ukuta ule ule uliopakwa plasta ya chokaa ikang'aa, unaokukinga na punda na pikipiki, unairudisha sauti yako karibu yote. Vyumba vya nyumba za kale za Lamu ni virefu na vyembamba, upana wake mara nyingi hauzidi mita 3, kwa kuwa dari limebebwa na boriti za mikoko na boriti ina urefu wake. Kwa hiyo una kuta mbili ngumu zinazotazamana kwa karibu. Simama katikati upige kofi moja. Utasikia mlio mfupi unaotetemeka baada ya kofi. Hiyo ni sauti inayorushwa kutoka ukuta huu hadi ule na kurudi.

Sauti husafiri kiasi cha mita 343 kwa sekunde. Kutoka mdomoni hadi ukuta ulio mita moja na nusu na kurudi ni mita 3, inafika chini ya sehemu moja ya mia ya sekunde. Sikio haliwezi kuitenga kama mwangwi wa bondeni. Linaichanganya na sauti ya kwanza, na ubongo unaitumia kukisia umbali: sauti ya moja kwa moja ikizidi, mtu yuko karibu, iliyorudi ukutani ikizidi, mtu yuko mbali. Ndiyo maana rafiki yako alisema vile bila kujua lolote la ufundi.

Maiki yako, kwa jinsi picha inavyoonyesha, iko kiasi cha sentimita 60 kutoka mdomoni. Kila unapoupunguza umbali huo kwa nusu, sauti ya moja kwa moja huongezeka karibu desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha nguvu ya sauti), na ile inayozunguka chumbani haibadiliki sana. Kutoka sentimita 60 hadi 30 umepata desibeli 6. Kutoka 30 hadi 15, nyingine 6. Desibeli 12 bila kutoa hata shilingi. Ile maiki ya 30,000 ukiiweka pale pale katikati ya meza itapokea sauti yako na mwangwi wake kwa uwiano ule ule, ila sasa utausikia mwangwi kwa ufasaha zaidi.

Picha imenionyesha kitu kingine. Umeielekeza ncha ya maiki kwako. Nyingi za umbo hilo husikia kwa ubavu, upande wenye nembo, wala si kwa kichwa. Isimamishe wima, nembo ikutazame. Kama ina kitufe cha kuchagua mwelekeo, kiweke kwenye alama inayofanana na moyo. Hapo itasikia mbele na kupuuza nyuma. Ukisogea karibu utapata taabu mpya: "p" na "b" zitapiga kishindo, na wewe una "podikasti", "pwani" na "baba" tele. Usiiweke maiki mbele ya mdomo kabisa. Iwe pembeni kidogo, usawa wa kona ya mdomo, pumzi ipite kando. Kofia ya sponji husaidia. Na usikaribie chini ya sentimita 10, maana maiki za namna hiyo huongeza besi kadiri unavyosogea, ukasikika mzito kuliko ulivyo.

Trei za mayai acha ziende sokoni. Ni karatasi nyembamba; hutawanya kidogo sauti za juu kabisa na haziimezi sauti ya mtu. Pia zikishika moto zinawaka haraka, na waya zako za umeme ziko hapo hapo. Kinachomeza sauti ni kitu kinene na laini ambacho hewa inaweza kupenya. Khanga moja ukutani itapunguza ukali wa "s" na "sh" tu, sehemu nzito ya sauti yako itapita kama haikuiona. Blanketi zito lililokunjwa mara mbili ni bora, na godoro lililosimamishwa ni bora zaidi. Liweke nyuma yako, si nyuma ya maiki. Watu hushangaa nikiwaambia hivyo, lakini fikiria maiki inatazama wapi: inakutazama wewe, na ukuta ulio nyuma ya kichwa chako. Sauti inayorudi kutoka ukuta huo ndiyo inayoingia kwa mlango wa mbele.

Au uhame chumba. Kwa utangulizi huhitaji nafasi. Chumba cha kulala chenye kitanda, mito na kabati la nguo lililofunguliwa kitakishinda kwa uzuri wa sauti kile chumba cha babu, ingawa si cha kupiga picha. Kama ukuta wenye zidaka, vile vishubaka vya nakshi, uko karibu, nakshi zake huvunjavunja kidogo sauti za juu, lakini hazimezi, kwa hiyo usizitegemee. Juu ya nyumba, chini ya paa la makuti, ni chaguo la tatu na lina utata: paa halirudishi sauti na pande ziko wazi, mwangwi karibu hakuna, ila una upepo, kunguru, na jirani anayempigia simu mtu wa Nairobi. Wakati wa upepo wa Kusi sikushauri kabisa. Siku iliyotulia, baada ya sala ya alfajiri, unaweza kupata rekodi nzuri kuliko ya studio nyingi. Mimi ningeanza na chumba cha kulala usiku baada ya Isha, boti zimetulia, feni nimezima. Friji nayo uizime, na funguo za nyumba uziweke ndani ya friji ili usiweze kuondoka bila kukumbuka kuiwasha. Mafundi wa sauti hufanya hivyo sehemu nyingi.

Umeandika kwamba koo hukuwasha. Nimesikiliza tena kwa ajili ya hilo, na nadhani sababu kubwa ni ile ile: ukiwa na maiki mbali, mwili wako unajua hausikiki, unapaza. Sogea, na utajikuta unazungumza kwa sauti ya kawaida. Simama au ukae wima, kunywa maji ya kawaida, usome mara tatu nne kisha upumzike. Usisafishe koo kwa kukohoa kwa nguvu. Meza mate au unywe maji. Lakini kazi yako ya kuongoza watalii nayo ni ya kupaza sauti mchana kutwa. Ikiwa sauti imekauka kwa zaidi ya wiki 3 mfululizo bila kurudi sawa, usiendelee kujitibu kwa tangawizi na asali, nenda ukaonwe na daktari wa masikio, pua na koo. Ukiona damu, ukimeza kwa maumivu, ukihisi uvimbe shingoni, au pumzi inakuwa nzito, usisubiri hizo wiki 3.

Kwa mdogo wako anayehariri. Nimemsikia kazini: ametumia programu ya kuondoa kelele kwa nguvu mno, na ndiyo maana sauti yako ina mlio wa maji maji mwishoni mwa maneno. Programu hizo hujifunza kelele isiyobadilika, kama ya feni, kisha huitoa. Mwangwi hauwezi kutolewa hivyo, kwa kuwa mwangwi ni sauti yako mwenyewe iliyochelewa. Mkirekodi, nyamazeni sekunde 10 kabla ya neno la kwanza, apate sampuli ya chumba, na aitumie kwa mkono mwepesi, programu ya bure ya Audacity inatosha. Mrekodi kwa WAV (faili la sauti lisilobanwa), njia moja (mono), vilele vya sauti vikicheza karibu na desibeli -12 kwenye kipimo cha programu. Vikigonga 0 sauti hupasuka na hakuna dawa yake. Aondoe kila kilicho chini ya hezi 80 (hezi ni mitetemo kwa sekunde; chache ni sauti nzito), kwenye sauti yako hakina faida. Mwisho wa kazi apime kipindi kizima kiwe karibu na LUFS -16 (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti ya kipindi kwa wastani) na kilele kisizidi desibeli -1, ndicho kiwango Apple wanachopendekeza, ili msikilizaji asilazimike kuongeza sauti kwako na kuipunguza kwa fundi. Kuna mngurumo mdogo wa hezi 50 chini ya rekodi, huo ni umeme. Rekodini kompyuta ikiwa kwenye betri, chaja imechomolewa. Mngurumo ukiisha, mmepata jibu. Lakini kama mkigusa chuma cha kompyuta au maiki mnahisi umeme unawatekenya, acheni kurekodi hapo na mwiteni fundi umeme aangalie soketi na waya wa ardhi. Nyumba za zamani zimeungwaungwa waya na watu wengi.

Taarabu: aliyekuambia habari ya sekunde 30 amerudia uvumi. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya haina ruhusa ya sekunde 30, wala 10. Wimbo una haki mbili, ya aliyeutunga na ya mwenye rekodi. Ya mtunzi hudumu maisha yake na miaka 50 baada ya mwaka wa kufariki kwake. Ya rekodi ni miaka 50 tangu ilipofanywa. Kwa hiyo rekodi inaweza kuwa imetoka kwenye haki na utungo bado umo. Ukiutaka wimbo ule na si mwingine, tafuta wenyewe upate ruhusa ya maandishi, na Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO, ndiyo ya kuuliza njia. Rahisi zaidi ni kumwomba mpiga udi wa hapo mjini akupigie sekunde 8 alizozibuni mwenyewe, mkaandikiana karatasi ya malipo na matumizi. Hata hivyo sidhani unahitaji muziki. Tezo la fundi wako linaeleza pale alipo kuliko taarabu yoyote, na kila fundi utakayemrekodi ana chombo chake: patasi ya mchonga milango, sindano ya mshona kofia ikipenya kitambaa kilichobanwa, hiyo ukiikaribia vya kutosha inasikika.

Limebaki la mdogo wako. Sijui nani aliyepima kwamba sauti ya mwanamke huvutia zaidi; ninachokijua ni kwamba msikilizaji huishika sauti ya kwanza na kuitafuta tena. Akianza yeye, kisha ukaingia wewe na yeye asisikike tena hadi mwisho, mtu atajiuliza yule dada amekwenda wapi. Anayeuliza maswali ndiye afungue. Isipokuwa kama yeye mwenyewe anataka kuingia kwenye mahojiano, na hilo muulize yeye, usiniulize mimi. Wanawake wanaosuka mikeka huenda wakamwambia mambo ambayo wewe hawatakuambia. Vipindi hivyo afungue yeye.

Rekodi utangulizi mpya kwa njia mbili, chumba cha kulala na cha babu, maiki sentimita 15, karatasi ile ile. Niletee zote mbili. Ukitumia WhatsApp zitume kama faili, usizifanye ujumbe wa sauti, maana huko hubanwa sana, nami nitakuwa nasikiliza mbano wake badala ya chumba chako.